Sahasrara ni utosi, sio taji

"Chakra yangu ya taji imeshafunguka." Hii sentensi nimeisikia mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na mara ya mwisho ndo imenifanya niandike. Ilikuwa Jumamosi tumemaliza klasi ya yoga tunakunja mikeka, dada mmoja anamwambia mwenzie kwamba kichwa kinamgonga hapa juu wiki ya pili sasa, na mwalimu mmoja wa mtandaoni anayemfuata amemwambia asiogope, ni taji linafunguka, anaamka kiroho, anywe maji aendelee kutafakari. Nikamuuliza dada yangu umepima presha? Hajapima. Basi tutarudi kwake mwishoni.

Maana ya hiyo chakra haina urefu. Kwenye mapokeo ya tantra na hatha yoga ya India, mwili una vituo vya nguvu vilivyopangwa kwenye mstari wa uti wa mgongo, ndo hizo chakra. Chini kabisa kuna nguvu imelala imejikunja kama nyoka, inaitwa kundalini. Kwa mazoezi ya pumzi, mikao, mantra (maneno yanayorudiwa rudiwa) na tafakari ile nguvu inaamshwa, inapanda kwenye mfereji wa katikati unaoitwa sushumna, inapita kituo kwa kituo, ikifika juu kabisa ya kichwa imefika sahasrara, ndo hiyo wanayoiita chakra ya taji, na hapo yogi anaingia samadhi, hali ambayo mwenye kutafakari na anachokitafakari hawatengani tena. Sio kiungo cha nyama, daktari akipasua hakikuti, ni ramani ya tafakari. Hiyo ndo maana, imeisha.

Sasa tuje kwenye neno "taji", maana hapa ndo panaponiuma.

Sisi tumelipata kutoka Kiingereza. Waingereza wanasema crown, na kwao hilo neno moja linabeba vitu viwili, taji la mfalme, na pia ile sehemu ya juu kabisa ya kichwa cha mtu yeyote, awe mfalme awe mchunga mbuzi. Waliotafsiri vidio na posti wakachukua la mfalme wakaacha la kichwa. Kumbe Kiswahili tuna neno letu la sehemu hiyo hiyo, na kila mama analijua: utosi. Ule utosi wa mtoto mchanga unaodunda, ambao bibi anakukataza usiuguse hovyo, na ukibonyea na mtoto anaharisha unajua maji yamemwisha mwilini unamkimbiza hospitali. Hata Ayubu kwenye Biblia ya Kiswahili alipigwa majipu tangu wayo wa mguu hata utosi wa kichwa. Neno lipo, la zamani, zuri, halafu tunaliacha tunaenda kuvaa taji.

Na sio ubishi wa kamusi tu, kwa sababu mawazo yanabadilika kabisa. Taji ni kitu unavikwa kutoka nje, ni cheo, ni ushindi, ndo maana watu wakishasema "taji" wanaanza kuongea kama wamepandishwa daraja. Utosi unazaliwa nao. Na mapokeo ya India yanaongelea utosi kweli kweli, kuna jina brahmarandhra, yani tundu la Brahma, na mahali penyewe ni pale pale kwenye utosi laini wa mtoto, ambao kwa kawaida hufunga kabla hajatimiza miaka 2. Aitareya Upanishad, moja ya maandiko ya kale ya Kihindu, inasema muumba alipasua mahali hapo akaingia mwilini kwa mlango huo. Katha Upanishad inasema moyo una mishipa 101, mmoja tu ndo unapanda hadi kichwani, na anayepanda kwa huo anafikia kutokufa, mingine yote inaelekea pande nyingine. Na wahindu wakichoma maiti kuna tendo linaitwa kapala kriya, fuvu linapasuliwa ili roho itoke kwa njia hiyo. Kwahiyo ni mlango wa kuingilia na kutokea, tangu kuzaliwa mpaka kufa, na kwa mtoto mchanga mahali pake unapagusa kwa kidole. Taji halikwambii lolote kati ya haya.

Na jina lenyewe sahasrara halina taji ndani yake. Sahasra ni elfu moja, ara ni spoki za gurudumu, ukiunganisha unapata "yenye spoki elfu". Wengi wanaita ua la petali elfu, lile yungiyungi la majini, sawa pia, maandiko yanatumia picha zote mbili. Hiyo elfu haikuokotwa tu. Hesabu petali za vituo sita vya chini, 4, 6, 10, 12, 16 na 2, jumla 50, na kwenye hizo petali zimeandikwa herufi 50 za Kisanskriti, kisha zidisha kwa 20 upate 1000. Yani sauti zote ambazo mdomo wa binadamu unaweza kutamka kwa lugha ile, zinarudiwa mara ishirini kwenye utosi. Mimi nilipoelewa hili nilikaa kimya muda mrefu.

Na chakra ni gurudumu, basi, neno la kawaida kabisa la gurudumu la mkokoteni. Watu wanalitamka kama neno la siri wakati lina ndugu zake majumbani kwetu. Kiajemi kina neno la ukoo huo huo, charkh, na hilo ndo lilitupa sisi cherehe na cherehani. Kigiriki kikawa na kyklos, wazungu wakalitia kwenye jina la baiskeli. Kwahiyo fundi nguo pale barazani na kijana anayepita na baiskeli na yogi aliyekaa Varanasi kule India wote wanatumia neno moja lililosafiri njia tatu. Na kama unadhani Kisanskriti ni lugha ya mbali sana na sisi, ukihesabu laki moja umeshakiongea, laki inatoka kwenye laksha kupitia Kihindi.

Haya, sasa neno la pili kwenye ile sentensi, "kufungua".

Andiko ambalo karibu kila mtu anayeongelea chakra saba analitumia, ajue asijue, ni Shat Chakra Nirupana la Purnananda wa Bengal, mwaka 1577. Lilienea duniani baada ya jaji mmoja Muingereza wa mahakama ya Calcutta, John Woodroffe, kulitafsiri na kulichapisha 1919 kwa jina la Arthur Avalon. Sasa angalia jina la andiko. Shat ni sita. Maelezo ya chakra SITA. Sahasrara haikuhesabiwa humo, iko juu yake, ni pale safari inapoishia. Mtu anaposema "chakra ya saba" hajatukana mtu, lakini ameiweka kwenye foleni na nyingine kana kwamba nayo ni kituo cha kupita, wakati hakuna kwa kupita tena. (Na wala sita sio sheria ya wote, kuna mapokeo ya wabudha wa tantra yanataja nne, mengine yanataja idadi nyingine.)

Na kitenzi wanachotumia kwa zile sita ni bheda, kutoboa, kupenya. Kundalini inatoboa chakra moja moja kama uzi unavyopenya shanga. Kufungua kupo, siwezi kusema hakupo, andiko la Hatha Yoga Pradipika la karne ya 15 lina mfano mzuri sana wa ufunguo, linasema kama mtu afunguavyo mlango kwa ufunguo ndivyo yogi afunguavyo mlango wa ukombozi kwa kundalini. Ila soma mstari unaofuata, huo mlango uko wapi? Uko CHINI, kwenye mwanzo wa sushumna, kundalini amelala ameuziba kwa mdomo wake. Kwahiyo kama unataka kufungua kitu, kazi ipo chini, kwenye pumzi na mwenendo na subira ya miaka, utosini hapafunguliwi, utosini panafikiwa. Ni kama mtu asimame Moshi mjini aseme nafungua kilele cha Kibo, kule juu Kilimanjaro. Kilele hakifunguliwi, kinapandwa.

Halafu lile ua la utosini, Purnananda anasema ni jeupe kuliko mwezi mpevu, na limeinama, uso umeangalia chini. Mi napenda sana hii picha na inanisikitisha kwamba imepotea. Michoro ya siku hizi inaonyesha ua la zambarau limekodoa juu kama sahani linangojea nguvu idondoke kutoka angani. Rangi za upinde wa mvua, nyekundu chini zambarau juu, zilipangwa huko Magharibi karne ya 20, kwenye andiko hazipo hivyo, chakra ya chini kabisa ni ya manjano na petali nyekundu. Sisemi anayetafakari na zambarau anafanya dhambi, ikimtuliza imtulize, ila asiambiwe ndo ilivyo tangu enzi na enzi.

La mwisho ni "kuamka kiroho", na hapa nitapita haraka. Kinachoamka kwenye maandiko haya ni kundalini, ndo alikuwa amelala. Mtu kuitwa aliyeamka hiyo ni lugha ya wabudha zaidi, Buddha maana yake ni hiyo hiyo, aliyeamka. Tumechanganya sufuria mbili, na kwetu huku tukaongezea ya tatu, maana msikilizaji wa Kiswahili akisikia uamsho anawaza mkutano wa injili, na ana haki, uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ndo ulilipa neno hilo uzito wake, watu kuungama na kuacha dhambi mbele ya wenzao. Ni kitu kingine kabisa, kizuri kwa waliomo, ila sio kundalini.

Na tazama hiyo "imeshafunguka", hiyo -mesha-, kama mtu aliyemaliza kulipa deni. Purnananda anasema kundalini akishafika juu, akaungana na mungu Shiva, akanywa kinywaji cha kutokufa, anarudi chini kwa njia ile ile hadi alipokuwa amelala. Anarudi! Kesho unakaa tena mkekani. Walimu wanaouza kufungua taji kwa siku mbili hii sehemu hawaisomi, au wanaisoma wananyamaza.

Yule dada nilimwambia haya taratibu wakati tunatoka, sio yote, nilimwambia mawili tu. La kwanza, hakuna popote nilipowahi kusoma kwamba kichwa kuuma wiki mbili ndo dalili ya kufika sahasrara, kwahiyo aende akapime kabla ya kukaa kutafakari tena. Alienda Jumatatu, presha ilikuwa juu, amepewa dawa, anaendelea vizuri. La pili nilimwambia akiwa anatafakari hapo juu asiwaze taji, aweke tu mawazo kwenye utosi. Akauliza, utosi huu huu wa mtoto? Nikamwambia ndio dada, huo huo.