Maktaba Si ya Watahiniwa Peke Yao

Likizo ya Agosti ikifika, ingia maktaba yoyote ya umma huku kwetu magharibi mwa Kenya, iwe Kisumu, Kakamega au Kimilili. Viti vimejaa vijana wanaojiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wengi wamekuja na vitabu vyao kutoka nyumbani. Wanachofuata ni meza, taa na utulivu, vitu ambavyo chumba kimoja cha kupanga pale mtaa wa Nyalenda, Kisumu, hakina. Nafasi hiyo ni haki yao na wasinyang'anywe. Lakini mama muuza omena na mwendesha boda boda wanaopita nje huona umati ule wa wanafunzi, wakajua moja kwa moja kwamba humo ndani hamna lao. Shughuli zilizoandaliwa kwa ajili yao, tena mara nyingi bila malipo, zinaanza na kuisha bila wao kupata habari. Maneno yanayowazuia langoni nimeyasikia sokoni, kanisani na ndani ya matatu, na mengi si ya kweli.

"Maktaba ni ya waliosoma."

Imani hii haikuanza jana. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi ilifunguliwa mwaka wa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Sheria ya 1965 ndiyo iliyounda bodi ya kitaifa ya maktaba, hii tunayoiita KNLS, ili huduma iwafikie wananchi popote walipo. Leo hata miji midogo kama Ukwala na Awendo ina maktaba yake. Hakuna anayeulizwa cheti mlangoni. Aliyeachia shule darasa la tatu anaweza kukaa na gazeti siku nzima, na akitaka kujifunza kusoma upya, mkutubi ndiye mtu wa kwanza wa kumwuliza darasa la ngumbaru liko wapi. Wakati mwingine liko papo hapo.

"Hakuna cha bure. Mwishowe utadaiwa."

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Kuhudhuria saa ya hadithi, kikundi cha wasomaji, mazungumzo ya afya au mchezo wa sataranji ni jambo moja. Kuchukua kitabu uende nacho nyumbani ni jambo jingine: huko huenda ukatakiwa kujiandikisha, kuweka amana au kuleta mdhamini, na ukichelewesha kitabu kuna faini. Kutoa nakala za karatasi pia hulipiwa. Utaratibu wa maktaba moja si lazima uwe wa nyingine, kwa hiyo uliza mezani kabla ya kukata tamaa. Azimio la UNESCO na shirikisho la maktaba duniani, IFLA, lile la 1994 lililofanyiwa marekebisho 2022, linasema wazi kwamba maktaba ya umma kimsingi iwe bila malipo. Na tukisema bure hatumaanishi sadaka. Sabuni unayonunua dukani ina kodi ya VAT ya asilimia 16. Umekwisha kulipa.

"Mtoto ambaye bado hajui kusoma atafanya nini huko?"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu au minne ndiye anayefaidika kuliko wote, na ndiye anayeachwa nyumbani. Saa ya hadithi haihitaji ajue hata herufi moja. Mkeka unatandikwa kwenye sehemu ya watoto, msimulizi anaita "Paukwa!", nao wanaitikia "Pakawa!" kwa sauti inayofika barabarani. Hadithi ikiwa ya Apwoyo, yaani Sungura, kumzidi akili Ndovu, msimulizi mwema Kisumu huichanganya Kiswahili na Kidholuo. Ikiwa Bungoma, ni Wanakhamuna huyo huyo mjanja kwa Kibukusu. Kisha kinafunguliwa kitabu chenye picha. Tazama macho ya watoto wakati huo. Wanajifunza kitabu kinashikwa vipi, kurasa hugeuzwa upande gani, maandishi huanzia wapi na kuishia wapi, na kwamba ile mistari myeusi ndiyo inayotoa maneno. Wanaokota msamiati ambao hausikiki katika mazungumzo ya kila siku ya "kula", "njoo" na "wacha hiyo". Mtoto wa namna hii akifika gredi ya kwanza hakutani na kitabu kama mgeni.

Kuna mzazi atakayeuliza kama anaweza kumwacha mtoto hapo aende sokoni. Hapana. Mkutubi si yaya, na usalama wa mdogo ni jukumu la aliyemleta. Tena mzazi akikaa, anaondoka na kitu: ameona jinsi ya kusoma kwa sauti, kusimama, kuuliza "unadhani nini kitatokea?" na kungoja jibu. Usiku akirudia hadithi ileile nyumbani, hata bila kitabu, kazi inaendelea. Baba wanaokuja ni wachache mno. Waje.

"Kompyuta ni za vijana. Mimi nitaaibika."

Siku hizi mambo mengi ya serikali yamehamia mtandaoni. Mtu mzima asiyejua kutumia eCitizen ya huduma za serikali au iTax ya kodi humpa kijana wa saiba nambari yake ya kitambulisho na neno lake la siri, akalipa, mwaka ujao akarudi kulipa tena. Maktaba nyingi zina kompyuta, na zile zinazotoa mafunzo ya mwanzo huwaanza watu mbali kabisa: namna ya kushika kipanya, kufungua barua pepe, kutunga neno la siri gumu, na kutoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Hilo la mwisho ni kubwa, kwa kuwa baada yako atakaa mwingine.

Chukua mfano wa ripoti ya kodi ya mwaka. Mwenye PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi, anatakiwa kuiwasilisha kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hakupata mapato yoyote. Mtu binafsi akichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa. Kwa mama mboga, shilingi 2,000 ni mtaji wa siku kadhaa. Ripoti isiyo na mapato hujazwa kwa dakika chache mtu akishafundishwa. Mkutubi hatakujazia, na ni vizuri asikujazie. Atakuonyesha, wewe ubonyeze.

"Ukikohoa tu, unafukuzwa."

Kimya kinatakiwa kwenye chumba cha kusomea, basi. Watoto na vikundi hupangiwa mahali pao au saa zao.

"Asiyeona hana haja ya maktaba."

Anayo, na sheria iko upande wake. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa breli, sauti au maandishi makubwa bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki, na Kenya ilijiunga nao 2017. Kama tawi lako halina vitabu hivyo, omba kwa maandishi. Maombi yaliyoandikwa humpa mkutubi kitu cha kuwaonyesha wakubwa wake anapoomba vifaa.

"Ni mali ya Nairobi, sisi hatuna usemi."

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge hilo lishirikishe umma katika kazi zake. Mikutano ya maoni hutangazwa, mara nyingi kupitia ofisi ya wadi, na wanaosimama huzungumzia barabara, maji na zahanati. Simama nawe utaje maktaba, tena kwa vitu vinavyohesabika: vitabu vya picha vya Kiswahili na vya lugha ya mama, mikeka ya sehemu ya watoto, kompyuta zinazofanya kazi, na Jumamosi nzima badala ya nusu siku. Waliojiunga na chama au kikundi cha akina mama waende pamoja, wapeleke pia barua iliyotiwa sahihi, na wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.