Zile saa 48 za kulazwa baada ya kujifungua hazianzi ulipofika hospitali

Jamani, kuna hii stori inazunguka sana kwa kina mama walioko Marekani, eti bima inalipia siku mbili tu tangu ulipoingia hospitali, zikiisha unatolewa. Sio hivyo kabisa. Sheria ya mwaka 1996, ile aliyoisaini Rais Clinton, inasema kama bima yako inakava kulazwa kwa uzazi haiwezi kukubania chini ya saa 48 ukijifungua kawaida au 96 kwa upasuaji, na ukijifungulia hospitali saa zinahesabiwa kuanzia mtoto anapotoka, kwa mapacha yule wa mwisho, yani hata ukipambana na uchungu masaa ishirini humo wodini hayakatwi. Ukijifungulia nyumbani au kwenye gari ndo zinaanza ukishalazwa.

Wengine nao wanadhani lazima ukae mpaka zitimie. Hapana, wewe na daktari au mkunga wako mkishauriana unaweza kutoka mapema, ila bima haina ruhusa kukupa hela ili uwahi kutoka wala kumkata daktari malipo kisa kakubakisha, kwa hiyo mama yangu usikubali kusukumwa mlangoni wakati hali yako bado haijakaa sawa.

Halafu sheria hii yenyewe hailazimishi bima ikave uzazi, hilo liangalie kwenye mkataba wako mimba ikiwa bado changa. Na ile sehemu unayochangia mwenyewe bado utalipa, ila hawawezi kukupandishia siku ya pili kuliko ya kwanza.