Pawa fakta ni nini? Risasi za mechi ya kwanza ya rivolva

Chukua boksi la risasi za .38 Special, aina ya risasi za rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka), lenye vichwa vya greni 158 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kasi futi 755 kwa sekunde. Ni risasi za kawaida kabisa, zimeuzwa kwa miongo mingi, na kwa mazoezi ya kutoboa karatasi hazina kasoro. Lakini ukiingia nazo kwenye mechi ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mashindano ya kulenga shabaha kwa kasi, unaweza kupiga kila shabaha katikati na jina lako bado likakaa chini kabisa ya orodha, bila alama hata moja. Kinachokuangusha ni namba inayoitwa pawa fakta.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Uzito wa kichwa cha risasi, yaani kile kinachoruka na si ganda linalobaki, huzidishwa kwa kasi yake, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Uzito ni kwa greni na kasi ni kwa futi kwa sekunde, kwa kuwa kanuni hizi zilizaliwa Marekani. Boksi letu basi: 158 mara 755 ni 119,290. Gawanya kwa 1,000, upate 119.29. Katika IPSC desimali hazihesabiwi, kwa hiyo 124.99 haigeuki kuwa 125 kwa huruma ya mtu yeyote.

Sasa linganisha na viwango. IPSC na USPSA, chama chake cha Marekani, hawakubali chini ya 125. ICORE, chama cha wapenzi wa rivolva, wanataka 120. IDPA, chama cha mashindano ya bastola za kujihami, kwa rivolva ya kawaida wanaridhika na 105. Boksi lilelile linapita IDPA bila shida, linakosa ICORE kwa unywele, na IPSC halifiki. Ndiyo maana swali la "risasi gani zinafaa?" halina jibu mpaka useme unakwenda kwenye mechi ya nani.

Kwa nini wakajisumbua na namba hii? IPSC iliundwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini yenye kubeba usahihi, nguvu na kasi. Usahihi unaonekana kwenye tundu la karatasi na kasi inaonekana kwenye saa. Nguvu ndiyo iliyohitaji kipimo, maana bila kipimo kila mshindani angejaza baruti kiduchu, silaha isiruke mkononi, akamaliza haraka kuliko yule anayehangaika na bastola nzito. Pawa fakta hupima msukumo, si nishati, na msukumo ndio unaousikia kiganjani unapofyatua.

Wanaovumilia msukumo mkubwa hulipwa. Risasi zimegawanywa madaraja mawili, Meja (zenye nguvu kubwa) na Maina (zenye nguvu ndogo). Katikati ya shabaha, eneo A, kila mtu hupata alama 5. Ukitoka hadi C, eneo linalofuata, wa Meja hupata 4 na wa Maina 3. Kwenye D, eneo la nje zaidi, ni 2 dhidi ya 1. Kwa rivolva, Meja huanzia 170 katika IPSC na 165 katika USPSA. Tena USPSA wameweka mzani mwingine: rivolva ya tundu nane, yaani inayobeba risasi nane, huhesabiwa Maina tu, Meja ni ya tundu sita. Ushauri wangu kwa anayeanza ni Maina bila kusitasita. Alama chache za C hazifidii muda unaopotea ukisubiri mtutu urudi chini, na mkono uliozoea kurushwa hujifunza kuogopa.

Huwezi kusema tu kwamba risasi zako zinafika. Kwenye mechi kubwa maofisa huchukua sampuli ya risasi zako wenyewe. Kichwa kimoja hung'olewa na kupimwa kwenye mizani, kisha tatu hufyatuliwa kupitia silaha yako mbele ya kronografu, kifaa kinachosoma kasi. Zikishindwa, hupigwa tatu nyingine na kuchukuliwa wastani wa tatu zenye kasi zaidi kati ya sita. Aliyejiandikisha Meja akapungukiwa hushushwa Maina. Aliyeshuka chini ya Maina anaruhusiwa kuendelea kupiga, ila bila alama. Mechi ndogo ya klabu mara nyingi haina kronografu, lakini kanuni ni ileile.

Hapo kwenye maneno "silaha yako" ndipo wengi wanapoteleza. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa kwa mtutu wa kiwandani, pengine mrefu kuliko wako. Rivolva ina upenyo mwembamba kati ya silinda na mtutu, na gesi huvuja hapo kila unapofyatua; upenyo ukiwa mpana, kasi inapungua. Halafu .38 Special ilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa baruti nyeusi, ndiyo maana ganda lake ni refu. Baruti ya leo hujaza sehemu ndogo tu, na inalala mbele au nyuma kulingana na ulivyoinamisha silaha. Kasi za risasi mbili za boksi moja zinaweza kutofautiana kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo usinunue risasi inayogusa 125 kwa ncha ya kidole. Kichwa cha greni 158 kinahitaji angalau futi 792 kwa sekunde. Tafuta yenye 830 au 850, ulale usingizi.

Risasi za wadikata, zile zenye kichwa bapa cha greni 148 zinazopendwa na wapiga shabaha wa duara, ziache nyumbani. Huenda kwa futi 700 hivi, na hiyo ni takriban 104: hata IDPA wanaweza kuzikataa. Zaidi ya hapo, kile kichwa bapa hukwama kwenye kingo za silinda unapopakia kwa haraka, wakati kichwa cha mviringo huteleza chenyewe. .357 Magnum za kiwandani kwa kawaida hupita Meja kwa mbali, lakini huo ni mzigo usiouhitaji. Mwenye rivolva ya 9mm ana bahati. Risasi nyingi za kawaida, kama za greni 124 kwa futi 1,110, zinatoa 137.

Fataki, yaani vile vidonge vya kitako cha ganda vinavyowasha baruti, nazo zina lao. Ukilainisha kifyatuo ili kivutike kwa wepesi, nyundo hupiga kwa nguvu ndogo, na fataki ngumu haziwaki. Piga angalau silinda kadhaa za risasi zilezile kabla ya siku yenyewe. Risasi zenye kiini cha chuma usizibebe: risasi za kutoboa chuma ni marufuku, na shabaha za chuma hazisamehi.

Idadi? Mechi ya klabu hula risasi 100 hadi 150, na katika IPSC kituo kirefu kimoja, yaani zoezi moja kati ya yale yanayounda mechi, kinaweza kudai 32. Ongeza za kurudia pale bamba la chuma linapogoma kuanguka, pamoja na chache za kronografu. Huko Kenya, ambako mechi za IDPA hupigwa, cheti cha silaha hutaja kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja, kwa hiyo hesabu yako ianzie kwenye karatasi hiyo, si dukani.

Na ukimaliza silinda, elekeza mtutu juu kabla ya kuyasukuma maganda nje. Punje za baruti zisizoungua hupenda kuingia chini ya nyota inayosukuma maganda, na punje moja tu inatosha kuifanya silinda isifunge ukiwa katikati ya kituo na saa inakimbia.