Je, wajua? Vita ya Kwanza ya Dunia iliisha Ulaya tarehe 11, huku kwetu ikaisha tarehe 25. Kwa nini?

Shuleni tulikaririshwa tarehe moja tu. 11 Novemba 1918, saa tano asubuhi, vita imeisha, funga daftari. Ila siku hiyohiyo ambayo watu wa Paris na London walikuwa wanakumbatiana barabarani, jeshi la Mjerumani la Afrika Mashariki lilikuwa linakaribia Kasama, kaskazini ya Zambia ya leo, limevamia nchi ya watu na wala halina dalili ya kushindwa. Tarehe 12 bado wanarushiana risasi na King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika. Tarehe 13 wakaichukua Kasama. Silaha walikuja kuzikabidhi tarehe 25 Novemba, wiki mbili kamili baada ya vita "kuisha", tena wakazikabidhia Abercorn, mji mdogo ambao leo unaitwa Mbala, jirani kabisa na mpaka wa Tanzania kule kusini mwa ziwa Tanganyika.

Jibu la haraka ni kwamba habari haikuwafikia. Sawa, ila kwa nini jeshi la koloni ambalo lilizingirwa tangu mwaka wa kwanza lilikuwa bado linatembea porini baada ya miaka minne? Hapo ndo pana stori.

Tuanzie mbali kidogo. 28 Juni 1914, mji wa Sarajevo, mrithi wa kiti cha Austria-Hungary, Franz Ferdinand, yuko kwenye gari la wazi na mkewe Sophie. Asubuhi hiyo walishatupiwa bomu likawakosa. Baadaye dereva akakata kona isiyo yenyewe, akaambiwa amekosea, akasimama arudi nyuma, na pale aliposimama ndo alipokuwepo Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, na bastola yake. Risasi mbili, mume na mke wamekufa. Mwezi mmoja baadaye, 28 Julai, Austria ikatangaza vita na Serbia, Urusi ikasimama na Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria, Ufaransa ilikuwa na mkataba na Urusi, Mjerumani akaamua kumpiga Mfaransa kwa kupitia Ubelgiji, na tarehe 4 Agosti Uingereza nayo ikaingia kwa sababu ya Ubelgiji. Yaani ugomvi wa nyumba moja mtaa mzima umetoka na mapanga, wiki moja tu.

Sasa sisi tunaingiaje hapo? Kisheria tulikuwa na kakinga fulani. Mkataba wa Berlin wa 1885, uleule wa kanuni za kugawana Afrika, ulikuwa na kipengele kwamba makoloni ya ukanda huu yangeweza kubaki nje ya vita wakubwa wakigombana, na gavana wa Kijerumani wa hapa, Heinrich Schnee, alitaka iwe hivyo. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ikaja ikapiga mnara wa simu ya upepo (redio ya mawasiliano) Dar es Salaam, na wiki moja baadaye Wajerumani wakavuka kutoka upande wa Moshi wakaichukua Taveta. Kipengele kikabaki kwenye karatasi.

Kamanda wa jeshi la Mjerumani alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck, na huyu hakumsikiliza gavana hata kidogo. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na tuseme ukweli, ya kikatili. Alijua hawezi kushinda Afrika na alijua koloni litaenda. Alichotaka ni kumfanya Mwingereza alete huku wanajeshi wengi iwezekanavyo, kwa sababu kila mwanajeshi anayemkimbiza yeye Rufiji ni mwanajeshi ambaye hayuko kwenye mahandaki ya Ufaransa. Kwa hesabu hiyo kazi yake ni moja: asikamatwe. Koloni aliloitwa kulilinda likawa ni uwanja tu wa kukimbilia.

Mwanzoni hakukimbia lakini. Tanga, Novemba 1914. Waingereza walikuja na meli zimejaa wanajeshi kama 8,000, wengi kutoka India, wamechoka na bahari. Tarehe 2 nahodha wa manowari Fox akashuka kuwaambia watu wa Tanga wasalimu amri, halafu akauliza kama bandarini kuna mabomu ya majini. Unamuuliza adui! Akaambiwa yapo, wakapoteza muda kuyatafuta na hawakukuta kitu, na muda huo wote Lettow anashusha askari wake kwa treni kutoka Kilimanjaro. Usiku mwenyewe akaingia mjini na baiskeli kuangalia hali, mji mtupu. Tarehe 4 Waingereza wakasogea kutoka Ras Kasone wakipita mashambani, na upande wa pili kuna watu kama 1,000 tu wanawasubiri. Risasi zikapiga mizinga, namaanisha mizinga ya nyuki, siyo ile mingine. Nyuki wakatoka, wakachoma Mhindi, wakachoma Mwingereza, wakachoma na askari wa Mjerumani vilevile, ila waliokuwa wanasonga mbele kwenye shamba wasilolijua ndo walioumia zaidi na ikazuka mpaka hadithi kwamba Mjerumani aliwatega. Kesho yake Waingereza wakarudi melini wameacha mamia ya bunduki na risasi 600,000. Kwa jeshi lisiloletewa kitu kutoka nyumbani hiyo ni sawa na kushushiwa kontena.

Na ndivyo alivyoishi miaka yote minne, kwa kuokoteza. Manowari ya Königsberg ilipozibwa na kuharibiwa Rufiji Julai 1915, wakaing'oa mizinga yake 10 wakaiburuza nchi kavu ikapigana huko, na mmoja upo Fort Jesus Mombasa mpaka leo. Kwinini ya kutoka Ulaya ilipokatika, kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara kikaanza kuitengeneza kwa magome ya miti. Meli yao ya Graf von Götzen pale Kigoma waliipaka grisi wakaizamisha wenyewe Julai 1916 ili adui asiipate. Waingereza wakaja kuiibua, na ndo hiyohiyo MV Liemba.

Mwaka 1916 mambo yakabadilika. Akaletwa Jan Smuts na jeshi kutoka Afrika Kusini, Wabelgiji wakaingia na askari wa Kongo kupitia Rwanda na Burundi, Wareno wako Msumbiji. Dar es Salaam ikachukuliwa Septemba, Tabora Septemba hiyohiyo, na kwenye ramani vita imeisha. Ila Lettow hayuko kwenye ramani, yuko porini kusini.

Na hapa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vinasimulia hii vita kama mchezo wa majenerali wawili wanafukuzana, wakati aliyeibeba, kubeba kwa maana ya kubeba kichwani, ni mwingine kabisa.

Smuts alikuja na farasi na baghala. Mbung'o wakawamaliza kwa maelfu kwa maelfu. Magari yalikuwa machache na masika yakianza ndo basi tena, yamezama. Kwa hiyo kila gunia la unga, kila sanduku la risasi na kila machela yanabebwa na mtu. Sasa piga hesabu na mimi. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, anakula kilo moja kwa siku, na kutoka stesheni ya mwisho ya reli mpaka kwa wapiganaji ni siku 10. Kwenda anakula 10, kurudi anakula 10, anachomwachia askari ni kilo 5. Askari huyo kwa siku hizo 20 anahitaji kilo 20. Kwa hiyo unahitaji wapagazi wanne kumlisha askari mmoja, tena unga mtupu, hujaweka risasi, dawa, mahema wala whisky ya afisa. Sogeza jeshi liwe siku 12 kutoka relini na mzigo karibu wote umeliwa njiani.

Ndo maana watu walichukuliwa kama kuvua kwa wavu. Kenya ilitungwa mpaka sheria ya kuwalazimisha mwaka 1915. Walikotoka ni kote, Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo), Kongo, Tanganyika yenyewe, na huko Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) waliitwa tengatenga. Kikosi chenyewe kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps na midomo ya watu ikakifanya Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiyohiyo unayoenda kununua vitenge na simu, palikuwa na kambi ya wapagazi, na Nairobi wana Kariokor yao. Upande wa Waingereza na washirika wake walipita wapagazi kama milioni moja kwa jumla, na waliohesabiwa kufa ni zaidi ya 90,000, wachache sana kati yao kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mtu kakulia kwenye ndizi za Uganda unampa unga wa mahindi mbaya usioiva vizuri kwa sababu hakuna muda wa kupika wala sufuria za kutosha, tumbo linakatika, na kesho ana kilo 25 kichwani kwenye mvua. Wapo waliokufa na mishahara yao ikabaki serikalini kwa vile hakuna aliyejulikana wa kulipwa.

Upande wa Mjerumani ni mbaya zaidi maana hawakuandikwa kabisa. Jeshi lake lilikula vijiji. Linafika, linachukua mahindi, ng'ombe na wanaume, linaondoka, halafu anakuja Mwingereza nyuma anachukua kilichobaki. Ugogo mvua nazo zikagoma, na ile njaa wazee wa Kigogo waliipa jina lake, Mtunya. Makumi ya maelfu walikufa, na hao hawamo kwenye hesabu ya vita.

Turudi kwa jenerali. Oktoba 1917 kule Mahiwa, bara ya Lindi, alipigana siku nne mapambano mabaya kuliko yote, akawaumiza Waingereza sana ila akaishiwa. Novemba akapunguza jeshi, wagonjwa na majeruhi wengi akawaacha nyuma, akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji kuvamia maghala ya Wareno. Mwezi huohuo Berlin walijaribu kumtumia msaada kwa puto la kuendeshwa, Zeppelin L59, lilitoka Bulgaria likakata Bahari ya Kati na jangwa mpaka Sudan, halafu likaitwa lirudi. Limefika karibu na Khartoum linageuza! Kwa miezi kama kumi akazunguka Msumbiji, Septemba 1918 akarudi Tanganyika, akapita Ungoni na nyanda za juu, akakata kuingia Zambia.

Huko Ulaya nako, kwa kifupi: Marekani imeingia Aprili 1917, Urusi imepinduana na kujitoa, Mjerumani kajaribu shambulio la mwisho mwanzoni mwa 1918 likaishia njiani, watu wake wana njaa, mabaharia wameasi, Kaiser, mfalme wao, kaachia kiti tarehe 9 Novemba. Tarehe 11 saa kumi na moja alfajiri wakasaini ndani ya behewa la treni msituni Compiègne. Na humo behewani sisi tumetajwa, wengi hawajui. Kifungu cha 17 kinasema majeshi yote ya Ujerumani yaliyoko Afrika Mashariki yaondoke katika muda watakaopangiwa na washindi. Hakuna aliyejua kwa uhakika hayo majeshi yako wapi wakati huo.

Habari ilikuja kwa waya mpaka Rhodesia, na kutoka hapo ikategemea watu na njia za vumbi. Tarehe 13 mwendesha pikipiki wa Kiingereza aliyebeba ujumbe akakamatwa na watu wa Lettow, ndivyo adui alivyopata taarifa, kwa kuikamata. Kesho yake, kwenye mto Chambeshi, ofisa tawala wa Kiingereza, Hector Croad, akamkabidhi Lettow telegramu rasmi. Pale mtoni kuna mnara una tarehe hiyo, 14 Novemba 1918. Lettow mwanzoni hakuelewa, alidhani labda Ujerumani imepata masharti mazuri, maana yeye anavyojiona anashinda. Halafu ikabidi watembee kurudi kaskazini mpaka Abercorn, ndo zikatimia siku 14.

Walipojipanga kukabidhi walikuwa Wajerumani 155, askari wa Kiafrika 1,168, na wapagazi na wanawake na watoto nyuma yao. Bunduki walizoweka chini karibu zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Askari wakapelekwa kambini Tabora na huko mafua ya Hispania yakawakuta yakaua wengine, waliokuwa wamepona miaka minne ya risasi. Wajerumani wakapanda meli, na Machi 1919 Lettow akapita Berlin kwa gwaride, shujaa.

Askari walikuwa wamepewa vikaratasi vya mshahara wanaodai. Mwaka 1964, Lettow alipofariki, bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba walipokusanyika Mwanza, wazee wa watu, wengi hawakuwa na cheti tena, sasa utajuaje nani alikuwa askari kweli? Mtu wa benki akawa anamkabidhi kila mzee fagio, anamwamuru kwa Kijerumani: silaha begani, silaha chini. Wote waliojaribiwa, wanasema, walifuata amri bila kukosea.

Mpagazi hakuwahi kufundishwa hizo amri.