Siasa za uhamiaji: kwa nini mtu aishie nchi hii na si ile

Siasa za uhamiaji ni maamuzi ya serikali kuhusu mgeni: nani aingie, kwa kazi gani, akae muda gani, na kama ataruhusiwa kuja na mke, mume au watoto. Mtaani tunasema mtu hufuata pesa. Ni kweli, lakini pesa ziko nchi nyingi. Mtu huishia pale alipopewa viza.

Chukua kazi ya kutunza wazee. Uingereza iliwafungulia wahudumu wa kigeni Februari 2022, na vijana wengi wa huku Kisumu wakaikodolea macho. Kuanzia 11 Machi 2024, mhudumu mpya hakuruhusiwa tena kwenda na familia. Tarehe 22 Julai 2025 wanaoajiriwa kutoka nje wakafungiwa kabisa. Wazee wa Uingereza hawakupungua. Ni idadi ya wageni iliyokuwa imegeuka hoja kubwa ya kutafutia kura.

Katikati ya hayo, 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji mjini Berlin. Ndiyo maana sasa utamkuta muuguzi akikariri der, die, das za Kijerumani ndani ya matatu. Licha ya zile hadithi kwamba Wakenya wametengewa nafasi 250,000 za kazi Ujerumani, mkataba hautaji idadi yoyote, haumwondolei mtu mtihani wa lugha, na unahusu pia kuwarudisha wasio na makaratasi. Wakala akikuambia ana "nafasi za serikali", shika mfuko wako.

Mambo haya si mapya Kisumu. Sheria ya Kenya ya 1967 ilipowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, Wahindi wengi wenye pasipoti za Uingereza walianza kufunga maduka na kuondoka. London ikapitisha sheria kwa siku tatu tu, na kufikia 1 Machi 1968 pasipoti hiyo haikutosha tena kwa asiye na mzazi au babu wa huko. Kanada nayo, mwaka ule ule wa 1967, ilikuwa imeanza kuwapima wahamiaji kwa alama za elimu, kazi na lugha badala ya kuangalia walikotoka.

Wengine watasema mtu huenda kwa ndugu yake. Sawa, ila huyo ndugu naye aliingia kwa sheria ya wakati wake, na kwa kawaida ni sheria nyingine inayoamua kama anaweza kukuita.