Ukungu ukibanwa hutoa asidi

Menya kitunguu kilichokaa muda mrefu ndani ya gunia pale soko la Kongowea, Mombasa, na huenda ukakuta vumbi jeusi chini ya ganda. Aghalabu huo ni Aspergillus niger, aina ileile ya ukungu inayotumika kutengeneza asidi ya sitriki iliyomo kwenye soda, jamu na peremende. Zamani asidi hiyo ilikamuliwa kwenye malimau, na Italia ndiyo iliyotawala biashara yake. Mwaka 1917 mwanakemia James Currie alieleza jinsi ukungu huu unavyoitoa kutokana na sukari, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuizalisha kwa njia hiyo.

Mbona basi kitunguu hakiwi kikali kama ndimu? Kwa sababu ukungu ukipata kila unachohitaji, hukua tu. Kiwandani unapewa sukari tele na hewa nyingi, kisha unanyimwa madini ya manganizi. Hapo hushindwa kukua sawasawa, lakini hauachi kula sukari, na ziada huitoa nje ikiwa asidi. Chembe kidogo mno za manganizi zatosha kuharibu mavuno. Ndiyo maana molasi ya miwa, ingawa ni rahisi kuipata, haimwagwi tangini hivihivi: imejaa madini, na kuisafisha ni gharama. Faida nyingine ni kwamba maji yakishakuwa makali, bakteria wengi hawathubutu kuingia.

Hamira nayo ina dhiki yake. Kwenye tembo la mnazi, penye sukari nyingi na hewa haba, hutoa pombe. Siku hizi imepandikizwa jeni za pakanga, mmea wa dawa, ili itoe malighafi ya dawa ya malaria, na kampuni ya Sanofi ilianza kuzalisha malighafi hiyo kwa wingi mwaka 2013. Maabara ilishinda, soko likakataa, maana bei ya pakanga ya shambani ilikuwa imeshuka.

Kwa pwani yetu ya Kenya, tukitaka kuzalisha kitu kwa kubana viumbe vidogo hivi, mimi ningeanza na mwani. Si ule unaofungwa kwenye kamba kule Kibuyuni, bali Dunaliella salina, usioonekana kwa jicho. Ukipigwa na jua kali, chumvi nyingi na uhaba wa naitrojeni, hujikinga kwa kujaza betakarotini, ambayo mwili wetu huigeuza kuwa vitamini A. Yaweza kufikia asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Hauhitaji sukari ya mtu, na chumvi ile hufukuza wengi wanaotaka kuula. Australia na Israeli wanaulima kibiashara. Sisi jua tunalo, na mabwawa ya chumvi yako Gongoni na Marereni.

Ugumu uko kwenye kuvuna. Seli zake hazina ukuta mgumu, kwa hiyo pampu kali huzipasua, na kuzitenga na maji mengi kiasi kile hula umeme. Anayetaka kuanza apige hesabu ya kuvuna na kukausha kabla hajachimba bwawa.