Kabla ya Kununua Kadi ya Picha: Namna ya Kuiongezea Kasi Kompyuta ya Msanifu Majengo

Wasanifu majengo wengi wanaoniletea kompyuta zao hapa Dar es Salaam huwa wameshaamua wanachokitaka: kadi kubwa ya picha. Revit, programu ya kuchorea majengo, imekuwa nzito, modeli ya ghorofa haizunguki vizuri kwenye skrini, mteja anasubiri michoro, na muuzaji amewahakikishia kwamba kadi yenye nguvu itamaliza tatizo. Wakati mwingine muuzaji huwa sahihi. Mara nyingi zaidi fedha hizo zilipaswa kwenda kwingine, na ndiyo maana humwomba kila mmoja afungue kwanza Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani, kisha afanye kazi yake ya kawaida huku tukitazama ni kifaa gani hasa kinachomchelewesha.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba programu inapoganda kwa nusu dakika nzima, prosesa huonyesha kuwa inatumika kwa asilimia 12 au 13 tu. Mtu akiona hivyo husema prosesa haina kosa, kwa kuwa sehemu yake kubwa imelala. Hesabu inasema kinyume. Prosesa yenye viini 4 (sehemu zake zinazofanya kazi kila moja peke yake), kila kimoja kikiendesha nyuzi 2, yaani mikondo miwili ya kazi, huhesabiwa na Windows kuwa na njia 8 za kazi. Njia moja ikijaa kabisa, kinachoonekana ni 100 ikigawanywa kwa 8, yaani 12.5. Kwenye prosesa yenye njia 16 utaona 6.25 tu. Tena, kwa kuwa Windows huihamisha kazi hiyo kutoka njia moja hadi nyingine, usitarajie kuona grafu moja imepanda na nyingine zote zimelala. Asilimia ndogo inayong'ang'ania pale pale wakati unasubiri ndiyo dalili kwamba uwezo wa kiini kimoja umefika mwisho.

Sababu iko katika kazi yenyewe. Ukisogeza ukuta katika Revit, ni lazima programu ijue kwanza ukuta umekaa wapi ndipo isogeze milango na madirisha yake, kisha ikokotoe upya eneo la vyumba, kisha vipimo, kisha jedwali la milango. Hatua ya pili haiwezi kuanza kabla ya ya kwanza kukamilika. Programu nyingine za kuchorea zinafanana nayo: SketchUp huunda modeli kwa kutumia kiini kimoja, AutoCAD nayo kwa sehemu kubwa ni hivyo hivyo, na ingawa Archicad hugawa baadhi ya kazi kama vile kutayarisha mikato, mtumiaji wake naye hunufaika na kiini chenye kasi. Kuwa na viini vingi vya mwendo wa pole ni sawa na duka la mafundi cherehani 12 ambamo wateja wote wamepanga foleni kwa fundi mmoja.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya mashine zinazouzwa sana kwa mitumba, kama HP Z440. Ni mashine imara, nami naipenda. Lakini baadhi huja na Xeon E5-2650 v4, prosesa ya viini 12 ambayo kasi yake ya msingi ni gigahezi 2.2 na ya juu kabisa ni 2.9. Ubao mama huo huo hupokea E5-1650 v4, yenye viini 6 tu, lakini inayoanzia gigahezi 3.6 na kufika 4.0. Kwa kuwa hizi mbili ni za kizazi kimoja, gigahezi zake zinaweza kulinganishwa moja kwa moja, na tofauti inazidi theluthi. Kwa anayechora mchana kutwa, kupunguza viini kwa nusu kunaongeza kasi. Kuna jambo la kuangalia: ya pili imekadiriwa wati 140 badala ya 105, hivyo kipoza joto kikaguliwe kabla ya kuibadilisha. Usitumie gigahezi kulinganisha vizazi tofauti, maana prosesa mpya hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mzunguko.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, huhitaji maneno machache. Fungua mradi wako mzito kuliko yote, pamoja na modeli za mhandisi zilizounganishwa nao, kivinjari, na chochote unachokifungua kila siku. Kumbukumbu ikikaribia kujaa, Windows huanza kuhamishia data kwenye diski, na hapo hakuna prosesa itakayokuokoa. Kwa nyumba za kawaida GB 16 hutosha. Kwa majengo ya ghorofa naanzia 32. Nunua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, ili njia mbili za kumbukumbu zitumike. Z440 ina njia nne, hivyo weka vinne, na viwe vya ECC, yaani vinavyojirekebisha makosa ya data, vinavyokubaliwa na mashine hiyo. Kuhusu diski, kama bado unatumia ile inayozunguka, anza na hiyo leo. Kutoka SSD (diski isiyozunguka) ya SATA, inayofika takriban MB 550 kwa sekunde, kwenda NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, ni hatua nzuri wakati wa kufungua mafaili makubwa, lakini ukuta wako hautasogea haraka zaidi.

Sasa kadi ya picha. Inapata haki yake pale unapotengeneza picha halisi za jengo kwa Lumion, Twinmotion au Enscape, kwa kuwa programu hizo huitegemea kadi hasa. Hapo angalia kumbukumbu ya kadi yenyewe kabla ya jina lake. Picha moja ya vigae yenye pikseli 4096 kwa 4096 huchukua MB 64 kabla ya kubanwa; ongeza miti, mazulia, magari na nyasi, na GB 4 huisha upesi. Anayerenda, yaani anayegeuza modeli kuwa picha kamili, kwa programu ya Corona, kwa upande mwingine, hutumia viini vyote vya prosesa, na huko ile Xeon ya viini 12 inafanya kazi yake vizuri sana.

Wenye kompyuta ndogo za ofisini wawe waangalifu zaidi. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 tu, pawasaplai nyingi za mashine hizo hazina waya wa ziada wa kadi, na kasha lenyewe hupokea kadi fupi pekee. Pima kwanza, ununue baadaye. Mwenye laptopu yenye kadi mbili naye aingie kwenye mipangilio ya Windows na kuhakikisha kwamba programu yake ya kuchora imepewa kadi yenye nguvu; haigharimu chochote.

Vilevile haigharimu sana kusafisha. Katika joto na vumbi la Dar es Salaam, feni huziba, pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza joto hukauka, na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ikiwa mashine ni nyepesi asubuhi na nzito baada ya saa moja ya kazi, nashughulikia hilo kabla ya kuuza kifaa chochote.

Kuhusu umri wa mashine, msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za Z440 hazimo katika orodha ambayo Microsoft inaikubali kwa Windows 11. Kwa ofisi inayoitegemea kama mashine kuu ya kuchorea, kubadilisha prosesa na kuongeza RAM ni sawa ikiwa gharama ni ndogo. Zaidi ya hapo nashauri fedha ziende kwenye kompyuta mpya yenye kiini chenye kasi, na Z440 ibaki na viini vyake 12, ikirenda usiku.